Mutuku Wangu Kwenye Ripoti ya Serikali

Uvumilivu uliniisha kwa baraza ya chifu hapa Emali. Nilisimama nikapiga kelele, "Hao watoto wako wapi? Nionyesheni hata mmoja!"

Afisa wa kaunti alikuwa ametusomea ripoti kwamba kile kituo cha kulea watoto wa wazazi wasiojiweza kimejaa, na serikali inalipia kila mtoto. Kimejaa? Mimi nauza nyanya kando ya barabara, na mtoto wangu Mutuku analala ndani ya kreti malori yakipita. Kila nikimpeleka kituoni, mlezi, Mama Syokau, ananiambia, "Nafasi hakuna, mwaitu, mama yangu."

Afisa akanigeuzia simu yake nione picha. "Na huyu ni nani?"

Alikuwa Mutuku. Ameketi kwa mkeka wa kituo, amevaa nguo za kanisani, anacheka.

"Mwende, si huyo ni wako!" jirani akasema, na baraza nzima ikaangua kicheko.

Ndipo nikakumbuka. Mama Syokau aliniomba nimlete siku ya wageni wa kaunti, akiwa msafi, pengine wangemwandikisha. Nikampaka mafuta mpaka akang'aa, nikamwazimisha kama kiti cha harusi. Wageni walipoondoka, nikarudishiwa. Mjinga ni mimi, sikatai.

Lakini sikuketi. Niliomba kalamu, nikaandika malalamiko, na afisa akayagonga muhuri watu wote wakiona:

"Mtoto wangu mmemhesabu lakini hamjamlea. Mtoeni kwa ripoti, ama kesho asubuhi nikimleta mfungue mlango."