Mashine ya Pembeni

Juzi, sebuleni kwetu Al Barsha, binti yangu aliacha gemu yake ya mkononi juu ya meza. Ulikuwa mchezo wa zamani wa ndege za vita, na ghafla ndege ikaanza kujiendesha. Nilishtuka.

"Mama, hiyo demo tu," alicheka. "Inajichezea yenyewe mpaka utie sarafu. Kwenye hii, sarafu ni kubonyeza hapa."

Kumbe! Nikiwa mdogo, ami yangu alikuwa na duka la mashine za magemu, zile za kutia sarafu, kule Al Baraha. Siku moja ilipoadhiniwa alasiri, alizima taa ili akasali.

"Nisubiri humu, mwanangu, usiguse kitu," aliniambia, akateremsha mlango wa chuma.

Ulibaki mwanga wa mashine, na harufu ya udi iliyochanganyika na ya nyaya zilizopata moto. Mara, kwenye mashine ya pembeni kabisa, ndege ikaanza kuruka, ikikwepa risasi kwa ustadi. Kiti kilikuwa kitupu. Niliamini majini huja kucheza watu wakiwa msikitini, nikajikunyata nyuma ya kaunta mpaka ami aliporudi.

Demo tu, miaka yote hii! Nilicheka na binti yangu, hadi nilipokumbuka kilichotangulia. Kabla ndege haijaruka, nilisikia sarafu ikidondoka ndani ya mashine.