Kidole changu kilipakwa wino, lakini hakikupiga kura

Admini, ficha jina langu na la mutoto wangu. Yeye pia anasoma ukurasa huu, anapenda sana kucheka shida za watu. Leo asome ya kwao.

Mimi ni koko, bibi kizee. Miaka yangu siijui sawasawa. Ile volkano iliyokula katikati ya muji wa Goma ilinikuta tayari niko na wajukuu. Shule sikuingia hata kuomba moto. Ninauza makala, makaa ya kupikia, hapa mutaa wa Katoyi, na haya maneno ninayasema kwa mudomo, jirani yangu Mama Kavira ndiye anayaandika kwa simu yake. Sombe yake ya majani ya muhogo haina ladha, lakini mukono wake hauna uongo. Kavira, andika hivyo hivyo.

Shida yangu ni kura ya Jumapili. Depite wetu, mubunge, alikufa, aliyepaswa kumurithi akahamia ng'ambo, sasa tunarudi kuchagua mutu wa kile kiti kimoja. Wangu nimeshamuchagua moyoni. Shida ni nani ataingia nami nyuma ya ile karatoni wanayosimamisha ili watu wasikuone. Wanasema mutu asiyejua kusoma anaweza kuingia na mutu anayemuamini. Hapo ndipo nyumba yangu inapasuka.

Uchaguzi uliopita niliingia na kitinda mimba wangu, tumuite Bahati. Ile mashini ya kura ilikuwa mupya kwetu. Kioo kinawaka, sura za watu zimejaa kama samaki wadogo wa sambaza kwenye sahani. Akaninong'oneza, "Mama, unataka nani?" Nikamuonyesha yule mwanamuke wa kitambaa cha bluu. Herufi sizijui, lakini sura ninaijua. Waasi walipoingia muji tukakimbilia kambi ya Mugunga, yule mwanamuke alikuja kwa miguu, mvua inanyesha, akainama akaingia kwenye vibanda vyetu vya maturubai ya shitingi. Akatuuliza sisi wanawake tunajisaidia wapi giza likiingia. Mukubwa mwingine hajawahi kutuuliza hilo. Vyoo vikachimbwa.

Bahati akasema, "Sawa, Mama." Akabonyeza. Karatasi ikatoka. Nikaangalia: sura ya mwanaume, koti na tai. Mutu wa chama cha Bahati!

Nikaganda. Polisi yuko mulangoni, mashahidi wa vyama wamekaa pale. Ningepiga kelele wangemukamata mutoto wangu. Basi nikaikunja ile karatasi, nikaitumbukiza kwenye sanduku kwa mukono wangu mwenyewe. Wakanipaka wino. Siku nyingi nilisonga bugali na kidole cheusi, ninakiangalia kama kidole cha mutu mwingine.

Sikusema. Mpaka juma hili Bahati alipokuja, bendera ya chama begani. "Mama, Jumapili asubuhi nakuja kukuchukua."

"Usijisumbue. Nitaingia na Mama Kavira."

Akacheka. "Munande? Atakubonyezea mutu wa kabila lake, wa Butembo!"

"Na wewe uliyenyonya ziwa langu, ulinibonyezea nani?"

Kicheko kikakauka. Akakaa juu ya gunia la makala, hata suruali yake nyeupe hakuikumbuka. Nilingoja aseme "Mama, nisamehe." Hakusema. Alisema, "Siku ya volkano, mugongo gani ulikutoa motoni?"

Ni kweli. Mguu wangu ulikuwa umevunjika, akanibeba. Lakini nikamujibu, "Mimi nilikubeba mbele, tumboni, halafu mugongoni kutoka Masisi, risasi zinalia. Nimeshakudai kura?"

Hapo sauti yake ikashuka. "Mama, kura za avenue yote, mutaa wetu wote, nimemuahidi mukubwa anayegombea. Mukubwa amesema akishinda nitaendesha gari lake. Watu wakiona mama yangu mwenyewe ameingia na mwingine, watasema hata kwetu nimeshindwa. Watoto wanalala na chai tupu, unawaona." Nikaona woga machoni pake, moyo ukanikatika. Nilikuwa karibu kusema sawa, twende. Lakini kabla sijafungua mudomo akasimama kwa hasira: "Ukiingia na huyo Kavira, usiniite tena mutoto wako."

Tangu siku hiyo anapita hapa mezani pangu, anasalimia wateja, mimi ananiruka. Na nyumba ninayolala ni ya mbao alizozipigilia yeye, juu ya mawe ya volkano. Kila musumari ninaouangalia, ninaona mukono wake.

Mama Kavira anasema niingie peke yangu. Amenichorea kioo cha mashini juu ya karatoni kwa makala, viboksi vyenye sura, ninabonyeza kutwa nzima, wateja wananicheka. Lakini macho yangu yana ukungu na mukono unatetemeka. Nikikosea je? Kavira mwenyewe ninajua hatanigeuzia. Haya maneno niliyaanza jana. Nikachukua simu yake kumupima, nikaenda kwa mama wa duka anayejua kusoma, akanisomea. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Hata la sombe aliliacha.

Lakini nikiingia naye, ninapoteza mutoto. Nikiingia na mutoto, kura inakwenda tena, na yeye pia nitamupoteza, maana sitaweza tena kumuangalia usoni.

Bahati, kama umesoma mpaka hapa, njoo ule. Nimekuwekea sombe, ya kwangu, si ya Kavira.

Na ninyi wengine, musiniambie nibaki nyumbani. Nimekimbia moto, nimekimbia bunduki, sitakimbia karatasi. Musiniambie nichague nani, hilo nimemaliza. Niambieni tu, wanangu: Jumapili nimushike nani mukono? Wino watanipaka tu. Safari hii ninataka kidole kiwe kimefanya kazi kwanza.