Mji wa Walowezi Niliotumwa Kuukagua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kuuza safari za watalii pale mtaa wa Alum Rock, Birmingham, Uingereza, meneja hakunipa hata kiti. Alinipeleka dirishani palipobandikwa matangazo, akaniambia hatuuzi mahali ambapo mmoja wetu hajapakanyaga. Huo ndio ulikuwa ukaguzi: unatangulia wewe, unalala vitanda vyao, unaonja chakula chao, ndipo mteja analipa. Ninyi mnaobonyeza picha mtandaoni mkanunua safari, mnisamehe nikicheka.

Meneja alikuwa Mhindi wa Jinja, aliyekuja Uingereza akiwa kijana Wahindi walipofukuzwa Uganda. Miaka ya elfu mbili mtandao ulianza kutunyang'anya wateja, ikabaki safari moja ya kutuokoa: mji mdogo katika nyanda za majani za Kanada.

"Mama Wanjiru, wazee wa Sutton Coldfield, wale wateja wetu wenye pesa, wanataka open space, mahali peupe," aliniambia. "Ukii-approve hii, duka linabaki wazi."

Nikaenda, pamoja na wakaguzi wa ofisi nyingine. Wenyeji wetu walikuwa na ziwa la kupiga kasia, njia za baiskeli na anga lisilo na mwisho. Kisha wakatupeleka kwenye kijiji cha makumbusho ya walowezi, na hapo nikapigwa na butwaa. Kila mgeni alipewa kigingi na nyundo, akimbie uwanjani ajipimie shamba, mchezo tu. Watu wakacheka, wakapigana picha. Nilimuuliza mwongozaji nani aliishi pale kabla. Akanijibu kwa upole kwamba hapakuwa na mtu.

Babu yangu alihamishwa kutoka Molo, kwetu Kenya, walowezi walipojipimia ardhi kwa vigingi kama vile. Nyundo ilinidondoka nikayumba, wenzangu wakanishika mkono wakidhani ni jua.

Niliporudi nilimweleza meneja yote, nikijua namfungia duka. Nilingoja anikaripie.

"Walisema hapakuwa na mtu?" aliuliza.

"Ndivyo walivyosema."

Akasogea dirishani. "Sisi tulipotoka Jinja, chai iko mezani, bado moto. Kesho yake wakagawa nyumba yetu, wanasema haina watu."

Akalibandua tangazo la mji ule kwa mkono wake. Ofisi haikumaliza mwaka, nami nikastaafu. Watu huniuliza kama najuta. Hapana. Ila nashtuka mpaka leo, kwa kuwa wale waliokuwa wakigonga vigingi walikuwa watu wema, na nilipoyumba, wao ndio walionishika mkono.