Laptop Niliyoifuta Saa ya Lunch

Nisiwafiche, ni mimi mwalimu wa hesabu aliyechekesha mji mzima wa Kitengela. Nilikuwa nimenunua laptop kuukuu, ya aina moja na ya mwalimu mkuu wetu, Madam Mutua. RAM ya kuiongezea nguvu niliisaka hadi Kiserian. Ikabaki kuweka Linux tu, ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta badala ya Windows!

Saa ya lunch niliikuta mezani staffroom. Nikatia CD ya Linux mbio mbio, nikakubali kila swali, hata la kufuta vitu vyote. Ilipowaka, nikawaita walimu wenzangu.

"Kujeni muone vile iko na speed!"

Madam Mutua akainama kuitazama.

"Mwalimu, yako si uliifungia kwa kabati asubuhi? Sasa mtihani wa Form Four niliokuwa naandika kwa hii yangu uko wapi?"