Marehemu wa Mama Philomène

Mama Philomène alipika lotoko, na kutoka mto Tshopo mpaka barabara ya Banalia hakuna aliyeipika kama yeye. Lotoko ni pombe kali ya mahindi na muhogo. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku, na tangu hapo wateja waliongezeka. Polisi walimpekua chini ya kitanda, hata ndani ya sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Kaburini hawakugusa.

Kaburi hilo lilikuwa nyuma ya shamba lake la muhogo, limezungushiwa chupa za bia zilizofukiwa shingo chini, kama ilivyo desturi kwetu. Alisema amelala pale tonton wake, yaani mjomba, Constant, katekista. Tonton huyo hakuwahi kuzaliwa. Chini ya udongo kulikuwa na mitungi ya lotoko, na kila polisi walipokuja Philomène aliketi pale akaangua kilio mpaka wakamvulia kofia. Mimi Colette, jirani yake, nilipita kumpa pole, mbavu zikiniuma kwa kicheko nilichokibana.

Mwaka 1954 akaja Padri Édouard, Mbelgiji mrefu mwenye ndevu, akitafuta kapela ya kwanza ya misioni: kanisa dogo la udongo lililoangushwa na mvua zamani, msitu ukalimeza pamoja na makaburi yake. Alipigilia vijiti, akafunga kamba, akakwangua ardhi kwa mwiko wa mwashi na kuipangusa kwa brashi. Watu walisema mzungu huyu anafagia udongo. Alipata misumari yenye kutu na mashimo ya nguzo, lakini makaburi hakuyaona. Ndipo mtu mmoja mwenye domo akamwambia kwa Philomène amelala katekista.

Padri alifurahi mno. Akataka kuifukua mifupa na kuizika upya kwa heshima, polisi wakiwa wamesimama wima. Kwa Philomène, maana yake ilikuwa gereza.

— Mon père, tonton alikufa na ndui, alimwambia. Mwenye kufungua kaburi atagonjwa.

— Nilichanjwa, Padri alijibu.

— Alors, niseme ukweli. Mbele ya kufa aliingia Islamu. Batu ba muskiti batakasirika.

Njia ya mwongo fupi. Padri alikwenda kumwita Mzee Zuberi wa msikitini. Mzee akalizunguka kaburi pole pole, akizitazama zile chupa moja moja.

— Mon père, huyu hapana mutu yetu, alisema. Bia iko mingi sana.

Bon, kazi ikawekwa Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa misani, mimi na Philomène tulichukua majembe tukaenda kuhamisha mitungi. Wa mwisho ulikwama. Philomène akachimba kando yake, chini zaidi ya alivyowahi kuchimba, na jembe likagonga mfupa. Tuliona taya, kisha mbavu, na juu ya mbavu msalaba mdogo wa shaba uliogeuka kijani.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mungu mwenyewe alikuwa amemtafutia marehemu. Tulimfunika tena, tukapanga chupa, tukaondoka na mitungi yote, na mimi nikahesabu mambo yamekwisha. Philomène hakucheka.

Jumatatu Padri alipoupangusa ule msalaba kwa brashi yake, machozi yalimtoka. Makaburi ya kapela yalikuwa yamepatikana. Polisi wawili walivua kofia. Padri akamgeukia Philomène, akamshika mkono kama mfiwa.

— Tutaandika jina yake juu ya jiwe. Constant nani?

Nilimkonyeza. Jina lolote lingetosha.

— Mon père, simujue, alisema Philomène. Miye nilikuwa nafichaka lotoko hapa juu ya kifua yake.

Polisi wakavaa kofia zao na kumchukua. Padri aliwabembeleza wamwache, hawakusikia.

Nilipompelekea chikwange, mkate wa muhogo, gerezani nilikuwa nimefura kwa hasira, na nilimwambia wazi kwamba ni mjinga. Mitungi ilikwisha kutoka, maiti ilikwisha kupatikana, na neno moja tu lingemrudisha nyumbani. Alipokea chikwange, akaanza kufungua majani yake.

— Colette, ule mutu, mama yake alimupatia jina, alisema. Nimunyang'anye hata ile?