Niliyempakia Njiani Kwenda Msituni

Msiniambie niliota. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosini, nami sikuwa nimelala wala kulewa. Wallahi yalinipata, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa baiskeli Bofu, Likoni. Tajiri yangu alikuwa akipeleka wageni wa hoteli za Nyali msituni, huko juu Kwale, wakatembee na kuendesha baiskeli za milimani. Siku hiyo pikapu ilijaa. Lami ilipokwisha akanishusha na baiskeli moja, akaniamuru niiendeshe mpaka inapoanzia njia ya msitu.

"Bwana, saa hizi watu hawapiti hapa peke yao," nikamwambia.

Akanicheka mbele ya wageni. "Wewe fundi au mganga?" Akaondoka, akaniachia vumbi.

Sasa nisikilizeni. Kwetu, ukiitwa porini huitiki mpaka mwito wa tatu, kwani asiyekuwa mtu haiti mara tatu. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini sauti iliyoniita ilikuwa ya mamangu hasa, na jina ni lile la nyumbani ambalo hakuna mwingine alitumialo. Nani kati yenu amelelewa amwache mamake aite mara mbili?

"Labeka, mama," nikaitika.

Keria ya nyuma ikadidimia. Mtu amekaa. Udi wa mamangu ukanijaa puani. Sikugeuka, nilikanyaga pedali mpaka nikaiona pikapu. Hapo baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Tajiri akanigombeza kwa kuchelewa.

Magharibi nikafika nyumbani, nikamkuta mama amekaa kimya jikoni. Dada akaniambia walikuwa wakizungumza saa saba, sauti ya mama ikakatika katikati ya neno. Haijarudi. Hospitali walimtazama koo, wasione kitu.

Nilimwendea tajiri nikamweleza. Akasema ni ushirikina, na kesho yake akapeleka wageni wengine. Mungu anisamehe, sijamsamehe yeye, wala sijajisamehe mimi.

Nanyi mnaokwenda huko na baiskeli zenu, ngojeni mwito wa tatu, hata akiita mzazi. Mamangu yu hai, alhamdulillahi, ila akinitaka hugonga kikombe kwa kijiko. Akigonga mara moja tu, naitika.