Maua Katika Damu ya Mama

Mama alipoanza kutoka vipele na matezi yakamvimba shingoni, nilimshuku kila mtu. Nilimshuku hata jirani yetu pale Kaole, aliyekuwa akimletea mgonjwa uji wa pilipili manga. Uji wenyewe niliwamwagia kuku, nikangoja nione. Kuku wakanenepa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikahamishia shaka kwa mawifi.

Tulipopelekwa hospitali Dar, tulimkuta daktari kijana anayetabasamu kabla ya kusema. Watu wa namna hiyo siwaamini. Alisema mama ana saratani ya damu, akatugeuzia kompyuta tuone damu yake ilivyoonekana kwenye darubini. Chembe nyeupe za damu za aina aliyotuonyesha zikiwa nzima, alisema, viini vyake huwa vya mviringo. Viini vya chembe za mama vilikuwa vimebonyea na kugawanyika mapande, mfano wa petali. Akasema wao huziita chembe maua. Nikaona anatufanya watoto. Saratani gani ya damu inayochanua?

Kisha akamuuliza mama amenyonyesha watoto wangapi, na kama yupo wa nje aliyewahi kumpa ziwa. Mama akakunja uso. Kwetu swali hilo huulizwa wakati wa posa, maana walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Akajibu kwa ukali kwamba nyumbani kwake hakuna ndoa ya haramu, na kwamba amenyonyesha mmoja tu, huyu hapa. Mimi nikashuku kuna mtu amempelekea daktari umbea wetu.

Daktari akaacha kutabasamu. Alieleza taratibu kwamba saratani hii inatokana na kirusi kinachoweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na wengi walio nacho hawaugui kabisa. Njia yake mojawapo kubwa ni maziwa ya mama. Akaniomba na mimi nipimwe.

Mwanangu alikuwa mapajani, ananyonya chini ya mtandio wangu. Nikamtoa ziwani. Alilia mpaka waliokaa kwenye benchi nje wakachungulia. Niliogopa sana, sikuwahi kumshuku mtu yeyote kama nilivyoushuku mwili wangu saa ile.

Mama akamchukua mtoto, akamweka begani na kumbembeleza. Hakunitazama.

"Maziwa ndiyo niliyokuwa nayo, mwanangu," alisema. "Nilikupa yote."